Bibi wa Mshipi Anajibu: Familia Ufuoni, Maji Yakijaa

Barua za safari hii zimejaa watoto. Karibu kila aliyeniandikia anataka kwenda kuvua na familia, na karibu kila mmoja ameshaambiwa aende maji yakijaa, ila hakuambiwa kwa nini wala mpaka saa ngapi. Nitajibu kwa urefu penye uzito, kwengine nitapita haraka. Imani yangu naitanguliza: ukiwa na watoto, saa ya kuondoka hupangwa kabla ndoana ya kwanza haijaingia majini, na ikishapangwa haibadilishwi kwa ajili ya samaki yeyote.

*Shikamoo Bibi. Tuna watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 13. Jumamosi tunataka kwenda kuvua kwa mishipi tukiwa tumesimama ufuoni, chombo hatuna. Jedwali la maji linasema 07:10 mita 0.6, na 13:22 mita 3.0. Mume wangu anataka twende asubuhi mapema, mimi naona tusubiri maji yawe tele. Nani ana haki? – Mama wa watatu*

Marahaba, mwanangu. Mumeo amekaribia zaidi, lakini tuanze na saa yenyewe, maana hapo wengi hupotea. Jedwali huhesabu kuanzia usiku wa manane, halihesabu kuanzia alfajiri kama sisi. Kwa hiyo 07:10 ni saa 1:10 asubuhi, na 13:22 ni saa 7:22 mchana. Nimeshaona watu wakisoma "07:10" wakafika saa saba mchana na ndoo zao, maji yamebakiza dakika chache kufika kilele na pa kusimama hapapo tena.

Sasa kimo. Kutoka 0.6 hadi 3.0 maji yatapanda mita 2.4 kwa muda wa saa 6 na dakika 12, wala hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mpando huo mafungu 12 na muda wake sehemu sita: sehemu ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwenu fungu moja ni sentimita 20 na kila sehemu ni dakika 62. Hadi saa 2:12 maji yatakuwa yamepanda sentimita 20 tu, na hadi saa 3:14 jumla yake 60. Kisha yanakaza mwendo: kati ya saa 3:14 na saa 5:18 yatapanda mita 1.2, karibu sentimita moja kila dakika. Hili ni kadirio. Umbo la pwani hulipindisha, na hori lililoingia ndani huchelewa kujaa kuliko bandari iliyoandikwa kwenye jedwali. Kwa kupangia siku linatosha.

Sentimita moja kwa dakika inasikika kidogo mpaka uitazame ikitembea juu ya mchanga. Ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, ukingo wa maji utasogea nusu mita kila dakika. Ufuo tambarare, wa mita 1 kwa kila mita 200, ukingo utasogea mita 2 kila dakika. Huyo wako wa miaka 6 akisimama mahali pamoja maji yakiwa magotini saa 3:14, nusu saa baadaye yako kiunoni, naye hajaondoa macho kwenye mshipi.

Kwa hiyo fikeni saa 1:30, ardhi ikiwa bado wazi. Msivue. Tembeeni na watoto muisome: wapi pana vijishimo vya minyoo na kaa, wapi majani ya bahari yamelala, wapi pana mfereji uliobaki na maji. Hapo ndipo samaki watapita baadaye, na hamtaona tena kitu chini maji yakishafunika. Chomekeni kijiti kwenye ukingo wa maji mumpe mtoto wa miaka 9 kazi ya kukitazama. Vueni kuanzia saa 2 hivi, mkirudi nyuma hatua kwa hatua, na saa 4:30 watoto wawe wametoka majini. Wakitaka kuendelea, wavulie mchangani, pakavu.

Sababu ya kuvua wakati huo ni hii: maji yakipwa, minyoo, kamba na kaa hujificha mchangani au kwenye vidimbwi. Maji yakirudi hutoka, na samaki huwafuata palepale. Wadogo hupanda mpaka kina cha kifundo cha mguu kwa kuwakimbia wakubwa; wakubwa nao huja nyuma yao. Chaa, mkizi, changu wachanga na kolekole wadogo nimewaona wakila mahali ambapo nusu saa nyuma palikuwa pakavu. Watu wazima hurusha mshipi mbali kabisa, wakawapita samaki juu. Mtoto anayerusha mita tano ndiye aliye mahali pake. Mwacheni arushe karibu.

*Bibi, mwezi ukiwa mpevu watu hunikataza kupeleka watoto. Ni kweli kuna ubaya? – Kijana wa pili*

Mwezi hauna ubaya, mwanangu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, kwa kawaida siku moja au mbili baada yake: maji hupwa sana na kujaa sana, na mkondo unakuwa mkali kwa sababu maji mengi yanapita kwa muda uleule. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti ya kimo hupungua na kila kitu hupoa. Kwa mtoto wa mara ya kwanza chagueni maji mafu au siku za katikati. Bamvua muiache mpaka mwijue ardhi yenu.

*Shikamoo. Mbele ya ufuo wetu kuna fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa. Unatembea mpaka huko kwa miguu, maji ya vifundoni tu. Samaki wazuri wako upande wa nje. Nataka kupeleka wanangu wawili tukavue huko maji yakianza kujaa, tutarudi yakiwa magotini. Unashauri tubebe nini? – Baba wa mapacha*

Marahaba. Ninashauri msiende, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua kwamba bibi ni mwoga.

Hapo mnapovuka maji ya vifundoni, kati ya ufuo na fungu, ndipo pa chini kuliko fungu lenyewe. Ndiyo maana pana maji hata yakipwa. Maji yakianza kujaa hayaji kutoka mbele yenu yakapanda fungu polepole mkayaona. Yanazunguka ncha za fungu na kujaza kule nyuma kwanza. Ninyi mnatazama nje, mishipi imekaza, miguu yenu ni mikavu, na nyuma yenu njia imeshakuwa mto. Ukigeuka maji yakiwa kwenye vifundo vyako pale fungu, kule mferejini yanaweza kuwa yamempita mtoto kichwa, tena yanakwenda kwa kasi. Mchanga uliokuwa mgumu asubuhi nao hulegea maji yakiingia chini yake, na miguu huzama.

Huko Morecambe Bay, Uingereza, mwezi wa Februari 2004, watu wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe usiku walikufa maji yalipojaa na kuwakatia njia. Walikuwa watu wazima na wenye nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halikuambii. Kimo kilichoandikwa ni cha hewa ya kawaida. Kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa kuikandamiza bahari, ikishuka hektopaskali 1 (kipimo cha nguvu hiyo), bahari hupanda karibu sentimita 1, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu huyasukuma maji zaidi na kuyaharakisha. Siku ya mawingu mazito na upepo wa kutoka baharini, maji yanaweza kufika mapema na kupita pale ulipoyatarajia. Ukiyategemea magoti ya mapacha yakupe ishara ya kurudi, umechelewa.

Ukitaka samaki wa upande wa nje, nenda siku nyingine na mtu mzima mwenzako, mkiwa na chombo. Na mapacha, tafuta mahali ambapo kila hatua ya kurudi nyuma ni ya kupanda, bila mfereji wowote kati yenu na nchi kavu. Nenda ukalihakikishe hilo maji yakiwa yamekupwa kabisa, peke yako, kwa macho yako. Samaki wa fungu watakuja wenyewe maji yakifunika. Ndiyo faida ya maji kujaa.

Majaketi okozi, yale ya kuelea, mapacha wayavae hata magotini. Saizi hufuata uzito wa mtoto, wala haifuati umri. Mvalishe, funga mikanda yote pamoja na ule wa kupita katikati ya miguu, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, si lake. Jaketi likivaliwa bado mtu mzima mmoja hashiki mshipi: kazi yake ni watoto, awe karibu kiasi cha kumfikia kila mmoja kwa mkono. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono.

*Bibi yangu, binti yangu ana miaka 7. Kila akitupa, samaki wanadonoa, chambo kinaisha, ndoana inatoka tupu. Jana alilia. Tunatumia ndoana alizoachiwa baba yake na babu yake, kubwa na nzuri sana. – Mama Kidoti*

Mpe pole zangu huyo mvuvi mwenzangu. Ana samaki wengi pale; wanamwibia tu.

Ndoana za babu mziweke kwa heshima. Samaki wanaokuja ukingoni maji yakijaa wana midomo midogo, na ndoana kubwa haiingii. Tafuta ndogo, isiyozidi upana wa ukucha wa kidole chake cha shahada, yenye waya mwembamba na ncha kali. Jaribu ncha kwenye ukucha wako wa gumba: ikiteleza ni butu, ikinasa inafaa. Chambo nacho kiwe kidogo kiasi cha kuivaa ndoana bila kuning'inia. Mkia wa chambo ukining'inia sentimita tatu, samaki atakula hizo tatu na kukuachia chuma. Kamba ni mtamu kwao lakini huchomoka upesi. Kipande chembamba cha ngisi ni kigumu, hudumu. Ningemwekea ngisi.

Mshipi wa nailoni unaohimili kilo 4 unamtosha. Chubwi, yaani kitu kizito cha kuzamishia mshipi, liwe jepesi kadiri mkondo unavyoruhusu, gramu 10 hadi 20, na ndoana iwe mwisho wa mshipi wenyewe, chubwi likiwa juu yake kidogo. Chubwi zito linamficha samaki. Mtoto hahisi mdonoo mpaka chambo kiishe.

Kisha mfundishe jambo moja, na ulirudie bila kumchosha: asikurupuke. Mdonoo wa kwanza ni wa kuonja. Asubiri mshipi uvutwe, ndipo anyanyue mkono taratibu. Kama anashindwa kujizuia, na watoto wengi hushindwa, mpe ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina. Hiyo haitaki mtu avute kwa ghafla. Samaki akigeuka nayo, humnasa kwenye pembe ya mdomo, mara chache sana kooni, hivyo hata mnayetaka kumwachia anarudi akiwa mzima.

Na ndoana zote za mtoto, za duara au za kawaida, bana kwa koleo kile kijino kinachorudi nyuma mpaka kilale. Utapoteza samaki wachache. Siku ndoana itakapoingia kwenye kidole chake itatoka kwa kuteleza ilimoingilia. Ikiwa imezama sana usihangaike nayo, kata mshipi mwende hospitali. Ikiwa karibu na jicho usiiguse kabisa. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua ni sehemu ya vifaa vya kuvulia kwa kila aliye karibu na mtu anayerusha.

*Bibi, mjomba wangu amevua miaka yote, anasema maji kujaa ni ya wageni, samaki wakubwa hula maji yakipwa. Nimfuate nani? – Mpwa wa mvuvi*

Mheshimu mjomba wako, ana haki mahali pake. Pale hori linapomwaga maji baharini, maji yakipwa hutoka na kamba na visamaki vyote vilivyokuwa vimejificha kwenye mikoko na majani, na wakubwa husubiri mlangoni. Nami nimevua hivyo, na napenda kuvua hivyo.

Ila mjomba anavua peke yake. Maji yanayojaa, kwa ujumla, husukuma kuelekea nchi kavu. Kofia ya mtoto ikianguka, inarudi kwenu. Yanayokupwa, hasa kwenye mlango wa hori, huchukua kwenda nje, na mtoto akiteleza huchukuliwa hukohuko. Kwa wenye chombo kuna sababu ya pili: ukipanda mchanga maji yakijaa, utasubiri kidogo uelee tena. Ukipanda maji yakipwa, utakaa hapo na watoto wenye kiu saa nyingi mpaka maji yaende na kurudi. Mfuate mjomba siku mnazokwenda wawili.

*Shikamoo. Mwanangu alichomwa na samaki mguuni majini. Wengine walisema apakwe mafuta, wengine barafu. Tulifanya yote mawili na maumivu hayakupungua. Ni kipi sahihi? – Baba wa Jumapili*

Marahaba, na pole sana. Sahihi ni maji ya moto. Sumu ya taa, hongwe, tasi na yule samaki anayelala chini akafanana na jiwe hulegezwa na joto. Mtoe mtoto majini, zuia damu kwa kukandamiza, ondoa kipande cha mwiba kinachoonekana na kutoka kirahisi, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, yasizidi nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiyaongeza yakipoa. Joto lipime wewe kwa mkono wako mzima kwanza. Mguu wenye maumivu makali hauwezi kumwambia kwamba unaungua. Ndiyo maana chupa ya chai yenye maji ya moto huwa kwenye kapu langu kila nikienda na watoto, pamoja na maji baridi ya kuchanganyia.

Baada ya hapo mpeleke kwa daktari hata akitulia, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani na jeraha la bahari huoza upesi. Pia waulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Hapo ni kukimbilia hospitali moja kwa moja, na akipumua kwa shida au kuishiwa nguvu vilevile.

Kumkinga: viatu vya soli ngumu, na miguu iburuzwe mchangani, isinyanyuliwe. Taa hujifukia kwenye maji mafupi, tena hupanda na maji yanayojaa kufuata chakula kilekile mnachofuatia ninyi. Ukimgusa ubavuni huondoka. Ukimkanyaga mgongoni huchoma. Watoto wakifundishwa mwendo huo wanaupenda, wanaufanya mpaka nyumbani.

Bunju, yule anayejivimbisha mkononi, watoto humfurahia sana. Mtoeni ndoana mkiwa mmemshika kwa kitambaa, mbali na meno yake, mumrudishe. Asiliwe kamwe: sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

*Bibi, baba yangu ana miaka 78, anatembea kwa mkongojo. Alinifundisha kuvua. Sasa nataka twende na wanangu, yeye anasema atabaki nyumbani asije akatuchelewesha. Nifanyeje? – Binti yake*

Mwambie unamhitaji, maana ni kweli. Maji yanayojaa yanamfaa yeye kuliko wote: hana haja ya kuyafuata, yatamfuata.

Tafuta ule mstari wa mwani mkavu na vijiti ufuoni. Hapo ndipo maji ya mwisho yalipofika. Kisha tazama jedwali. Kama kimo cha leo ni kikubwa kuliko cha jana, mnaelekea bamvua, na maji yataupita mstari huo. Panda nao juu hatua kadhaa. Kama kinapungua, kwa kawaida hayataufikia. Kiti chake kiwe hapo, pagumu, karibu na mahali gari linapofika, na chini ya miguu ya kiti weka ubao ili kisizame.

Ninyi anzeni chini na watoto, mkirudi nyuma jinsi maji yanavyopanda, na kiti cha babu ndicho kiwe mwisho wa kurudi kwenu. Mpe jedwali na saa, atangaze yeye muda wa kila hatua. Watoto humsikia babu upesi kuliko wanavyowasikia ninyi. Sehemu mbili za mwisho kabla ya kilele, maji yanapopunguza mwendo, samaki watakuwa mbele yake, nanyi mtakuwa mmeketi kando yake. Mpe fimbo nyepesi ya mita 2 yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inayozunguka bila kukwama, na kishikio cha kuchomeka mchangani ili mikono isichoke. Chambo awe anamvalishia mjukuu mmoja, kama vidole havimtii tena. Na mkisikia radi, hata ya mbali, laza fimbo zote chini na umtoe yeye kwanza, kwa kuwa ndiye atakayehitaji muda mrefu kufika garini. Kaeni humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.